Jini au Jeni? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usingizi na Kurithi

Nafundisha bayolojia hapa Mombasa. Tangu nilipoanza kuzungumza na wazazi kuhusu usingizi wa watoto wao, maswali hayajakatika: darasani, kwenye foleni ya feri ya Likoni, barazani baada ya isha. Nimekusanya hapa yale yanayorudi zaidi, na nimejitahidi kuyaacha na ladha ya walioyauliza. Mengi huanza na lawama: fulani mvivu, fulani karogwa, fulani anajifanya. Lawama hizo ndizo zilizonisukuma kuandika.

Kijana wangu haamki alfajiri hata nimmwagie maji. Ni uvivu, ana jini, au ndiyo hizo jeni zenu?

Mama, nianze na umri wake. Mtoto akibaleghe, saa ya mwili wake husogea mbele. Usingizi uliokuwa ukimjia saa tatu usiku sasa unamjia saa tano au saa sita, na kilele cha kuchelewa huku huwa karibu na miaka 20. Baada ya hapo saa huanza kurudi nyuma polepole, mpaka uzeeni. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayeamshwa saa kumi na nusu ili awahi matatu ya shule anaamshwa katikati ya usiku wake.

Juu ya umri huo ndipo jeni zinapokuja. Kuna watu ambao hata wakifika miaka 40 bado ni wa usiku, na ukiuliza utaambiwa mjomba alikuwa hivyo, na nyanya upande wa mama pia. Mwaka 2017 watafiti wa New York waliokuwa wakifuatilia watu wa aina hii walikuta badiliko katika jeni iitwayo CRY1. Kazi ya protini inayotokana na jeni hiyo ni kushika breki ya saa ya mwili. Kwa wenye badiliko, breki hukaza kupita kiasi, na mzunguko wa siku ndani ya mwili hurefuka. Kila usiku mtu huyo anajikuta amechelewa bila kuamua kuchelewa.

Sisemi mwanao ana badiliko hilo. Nasema kabla ya kumwita mvivu, hesabu amelala muda gani kwa jumla. Mvivu hulala sana. Mtoto wako pengine analala kidogo kuliko wote nyumbani.

Jeni ni nini hasa, na inaingiaje kwenye usingizi?

Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo, mara nyingi ya kutengeneza protini fulani. Nusu umezipata kwa mama, nusu kwa baba. Hakuna jeni moja ya usingizi kama ambavyo hakuna ubao mmoja wa jahazi. Ziko nyingi, na kila moja ina kazi yake.

Usingizi wenyewe unaendeshwa na nguvu mbili, wazo lililowekwa wazi na Alexander Borbély mwaka 1982. Ya kwanza ni deni. Kadiri unavyokaa macho ndivyo kemikali kama adenosini zinavyolundikana ubongoni, na macho yanakuwa mazito. Ukilala, deni linalipwa. Ya pili ni saa ya mwili. Saa kuu iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho miwili inapokutana, na ni kundi dogo la neva zipatazo 20,000. Jeni zinagusa nguvu zote mbili: zinaamua saa yako inakwenda kasi gani, na deni linakulemea upesi kiasi gani.

Jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, sisi watu wa pwani tuna mfano mzuri kuliko ule wa magurudumu ya chuma: maji kujaa na maji kupwa. Ndani ya seli, jeni ya saa inatoa agizo na protini inaanza kutengenezwa. Protini inajaa, inajaa, mpaka inapokuwa nyingi inaingia ndani ya kiini cha seli na kuizima jeni ileile iliyoizaa. Agizo likikatika, protini iliyopo huharibika kidogokidogo, maji yanakupwa, na yakishakupwa jeni inafunguka tena. Kujaa na kupwa huko mara moja huchukua takriban saa 24. Bahari hufuata mwezi. Seli zako zinajiendesha zenyewe, na zingeendelea hata ukifungiwa chumbani bila dirisha.

Wanasayansi walijuaje haya yote?

Kwa nzi. Wale wadogo wanaozengea maembe yaliyoiva sana pale sokoni Kongowea, wa aina hiyohiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko California, mwanafunzi aitwaye Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer walijiuliza swali ambalo wenzao wengi waliliona la kipuuzi: je, jeni moja inaweza kubadilisha tabia? Nzi wa matunda hutoka kwenye bundo lake, lile ganda ambamo buu hugeuka nzi, asubuhi wakati hewa bado ina unyevu. Konopka akawalisha nzi kemikali inayovuruga DNA, kisha akakaa kuwatafuta wazao wanaotoka wakati usio wao.

Akapata aina tatu. Wa kwanza siku yao ilikuwa fupi, saa 19. Wa pili siku yao ilikuwa ndefu, saa 28. Wa tatu hawakuwa na mpangilio kabisa, walitoka usiku na mchana ovyo. Mtu angetarajia makosa matatu katika sehemu tatu tofauti. Konopka alipotafuta yaliko, yote matatu yalikuwa mahali pamoja, katika jeni moja. Wakaiita period. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kila ninapolifundisha somo hili nasimama hapa kidogo, kwa sababu wanafunzi wangu huwa wanadhani sayansi ni mashine za bei ghali. Huyu alikuwa na chupa za nzi, subira, na swali zuri.

Miaka 13 ilipita kabla jeni yenyewe haijatengwa na kusomwa. Hiyo ilikuwa 1984, kazi ya Jeffrey Hall na Michael Rosbash upande mmoja, na Michael Young upande mwingine. Baadaye Rosbash na Hall wakaonyesha jinsi protini inavyoizima jeni iliyoizaa, na Young akaongeza jeni nyingine mbili zinazoisaidia, timeless na doubletime. Mwaka 2017 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa upande wa wanyonyeshao, Joseph Takahashi na wenzake walimpata panya mwenye saa mbovu mwaka 1994, na jeni yake, Clock, ikatambuliwa 1997. Ikaonekana nzi, panya na binadamu wanatumia saa ya ukoo mmoja.

Lakini nzi analala kweli?

Analala. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti yalithibitisha. Nzi akitulia dakika tano au zaidi, inabidi umtikise kwa nguvu zaidi ili ashtuke, na ukimnyima usingizi usiku atalala zaidi kesho yake. Ana deni kama wewe. Ukimpa kafeini anakesha.

Namna ya kuwachunguza ni rahisi kuieleza: kila nzi anawekwa kwenye bomba dogo la kioo, na mwale wa mwanga asioweza kuuona unapita katikati. Akiukata mwale, kompyuta inaandika yuko macho. Kwa njia hiyo unaweza kuwaangalia maelfu. Mwaka 2005 kundi la Chiara Cirelli, baada ya kupekua nzi wa koo zipatazo 9,000, lilitangaza nzi wanaolala theluthi moja tu ya kawaida. Kasoro ilikuwa kwenye jeni inayojenga milango ya potasiamu katika neva. Japani walifanya vivyo hivyo kwa panya zaidi ya 8,000, wakiwapima mawimbi ya ubongo mmoja mmoja, na mwaka 2016 wakatangaza panya aliyekuwa akilala mno. Jeni yake inaitwa SIK3.

Babu akimaliza isha tu yuko chali. Saa tisa usiku yuko macho, anaamsha nyumba nzima. Ni uzee?

Mara nyingi ni uzee, ndiyo. Lakini ulizeni alikuwaje akiwa kijana.

Huko Utah, Marekani, mwanamke mmoja alimwendea daktari akilalamika kwamba tangu ujana wake usingizi unamzidi nguvu mapema jioni na kumwacha macho gizani. Daktari, Christopher Jones, hakumpa dawa akamwacha aende. Alifuatilia ukoo wake, akakuta ndugu wengi wako vivyo hivyo: wanalala kama saa moja na nusu usiku, wanaamka saa kumi na nusu alfajiri, wamelala vizuri na hawana ugonjwa wowote. Habari zao zilichapishwa mwaka 1999. Mwaka 2001 yeye, Louis Ptáček, Ying-Hui Fu na wenzao wakaonyesha sababu katika ukoo mmoja: herufi moja ya DNA imebadilika ndani ya PER2, jeni ndugu wa ile period ya nzi. Miaka thelathini toka chupa za Konopka, saa ileile, ndani ya mwili wa mtu.

Nauheshimu sana uchunguzi wa namna hii, wa kuketi na kuchora ukoo: nani kamzaa nani, nani alilala mapema, nani hakulala. Huku kwetu mabibi wanajua nasaba mpaka vizazi saba bila karatasi. Kama babu yako amekuwa hivi tangu ujana, na wanawe wawili watatu wamemfuata, basi huenda ni saa waliyorithishana.

Mimi nalala masaa manne tu na niko sawa. Nina jeni maalumu?

Inawezekana, ila pengine huna. Watu wa namna hiyo wapo kweli. Mwaka 2009 kundi la Ying-Hui Fu liliwaeleza mama na binti wenye badiliko katika jeni DEC2, waliolala kama saa sita na robo wakati wenzao wa ukoo walilala saa nane. Badiliko lilipowekwa kwa panya na nzi, nao wakapunguza usingizi. Mwaka 2019 ikapatikana jeni nyingine kwa ukoo mwingine, ADRB1. Angalia lakini: hata hao mama na binti walifikia saa sita.

Kipimo changu ni hiki. Mwenye kipawa hicho hulala kidogo hata siku ya sikukuu asipokuwa na kazi, na hasinzii mchana. Wewe ukipanda matatu kutoka Mtwapa unalala kabla ya Bamburi, na Jumapili unaamka saa sita mchana. Hilo ni deni, kaka. Na kama unaendesha gari, tafadhali lichukulie deni hilo kwa uzito wake.

Watu wanasema usingizi unarithiwa "asilimia 40". Maana yake nini?

Namba hiyo hueleweka vibaya kila mahali, kwa hiyo niruhusu nikae nayo.

Hutoka zaidi kwa mapacha. Kuna pacha wa yai moja, ambao jeni zao ni zilezile, na kuna pacha wa mayai mawili, ambao wanashirikiana nusu tu kama ndugu wengine wowote. Wote wawili wamekulia tumbo moja, nyumba moja, chandarua kimoja. Ukiwapima wengi wa aina zote mbili na ukakuta wa yai moja wanafanana zaidi kwa muda wanaolala, ule ufanano wa ziada unaweza kuukisia kuwa wa jeni. Kwa muda wa kulala, tafiti nyingi huangukia kati ya asilimia 30 na 50.

Haina maana kwamba katika saa nane ulizolala, tatu na kitu zimetoka kwa jeni na zilizobaki kwa godoro. Namba hiyo inahusu tofauti baina ya watu: kwa nini huyu analala zaidi ya yule, katika kundi lile lililopimwa, katika mazingira yale. Badilisha mazingira na namba inabadilika. Chukua mtaa ambao kila mtu ana chumba chake chenye utulivu, tofauti zinazobaki zitakuwa za jeni zaidi. Chukua mtaa ambao nyumba moja iko kando ya disko na nyingine ina watu wanane chumba kimoja, tofauti nyingi zitakuwa za mazingira. Jeni hazijabadilika popote.

Na hizo tafiti za watu laki kadhaa?

Koo kama ile ya Utah zina jeni moja yenye nguvu kubwa. Sisi wengine tuna mamia ya mabadiliko madogo, na ili kuyaona inabidi kulinganisha DNA ya watu wengi mno kwa pamoja. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa watu wazima 446,118 wa Uingereza, wakapata sehemu 78 za DNA zinazohusiana na muda wa kulala. Kila badiliko lina uzito wa dakika moja hivi. Waliokuwa na mabadiliko mengi zaidi ya kurefusha walilala kama dakika 22 zaidi ya waliokuwa na machache zaidi. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine wa watu 697,828 ukapata sehemu 351 zinazogusa kuwa mtu wa asubuhi au wa usiku.

Kuna udhaifu ndani yake, na wenyewe waliukubali: wengi waliulizwa tu "unalala saa ngapi?", na watu hujikosea. Ndiyo sababu baadhi yao walivishwa kifaa mkononi mfano wa saa kinachorekodi mwendo usiku na mchana, ili majibu yapimwe. Kipimo cha uhakika zaidi ni kulala maabara na nyaya zimebandikwa kichwani, kandokando ya macho na kidevuni, lakini huwezi kuwalaza watu laki nne maabara.

Sisi tumo humo?

Kidogo sana, na jambo hili linaniuma. Karibu wote katika tafiti hizo kubwa ni wenye asili ya Ulaya. Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za DNA duniani, maana binadamu wameishi huku muda mrefu kuliko kwingine kokote. Kwa hiyo orodha ya jeni iliyopatikana Uingereza haiwezi kuhamishwa tu ikamtabiria mtu wa Kisauni usingizi wake. Mradi wa H3Africa, wa utafiti wa jeni na afya barani Afrika, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulijenga maabara na hazina za sampuli barani, na Kilifi hapo jirani kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989 ambacho kimefanya kazi kubwa ya jeni na malaria. Usingizi bado unasubiri zamu yake.

Lakini Afrika Mashariki imekwisha kufundisha jambo moja kubwa. Kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, Wahadzabe 33 walivaa vile vifaa vya mkononi kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 200 za usiku zilizopimwa, wote 33 walikuwa usingizini kwa wakati mmoja kwa dakika 18 tu. Hawakupangiana zamu ya ulinzi. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka, na kati yao kambi haikukosa mtu macho. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2017, na watafiti waliona kwamba tofauti hizi zinaweza kuwa zilidumu katika jeni zetu kwa sababu ziliwalinda watu.

Mrudie sasa babu anayeamka saa tisa, na mjukuu ambaye saa sita bado anatembeatembea uani. Nyumba hiyo ina mlinzi wa jioni na mlinzi wa alfajiri.

Na kwa wanaosema zamani watu walilala na kuku: Wahadzabe haohao, pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, walipimwa mwaka 2015. Wote hawakuwa na umeme. Walianza kulala zaidi ya saa tatu baada ya jua kutua, na kwa wastani hawakufika saa nane za usingizi. Usingizi wao ulifuata zaidi baridi ya usiku kuliko giza. Mtu wa Mombasa aliyewahi kugaragara juu ya mkeka mwezi wa Februari, kaskazi likiwa limekata upepo, hahitaji kushawishiwa.

Mume wangu anakunywa kahawa chungu saa nne usiku na kulala fofofo. Mimi kikombe cha alasiri kinanikesha. Kwa nini?

Kafeini inakaa kwenye nafasi ya adenosini ubongoni, kwa hiyo deni lipo ila hulisikii. Kwa kawaida nusu yake hubaki mwilini baada ya kama saa tano. Ini huivunja kwa kimeng'enya cha jeni CYP1A2, na kasi yake hutofautiana baina ya watu. Jeni nyingine, ADORA2A, inahusu ile nafasi yenyewe ya adenosini, na watu wenye namna fulani ya jeni hiyo husumbuka zaidi usingizini wakinywa kahawa. Hapo ndipo mnapoachana wewe na mumeo. Mazoea nayo yana sehemu yake, na vidonge vya kupanga uzazi pamoja na ujauzito hupunguza sana kasi ya kuivunja kafeini. Kunywa asubuhi, dada, halua na tende jioni zinatosha.

Muguka na miraa ni habari nyingine. Kathinoni iliyomo inasukuma ubongo uwe macho kwa njia yenye nguvu zaidi, na usitegemee jeni ikukinge.

Usiku nakabwa na jinamizi. Nafungua macho, siwezi kusogea, na kuna kitu kifuani.

Umeeleza jambo ambalo watu wa mataifa mengi wamelieleza kwa maneno yanayokaribiana. Katika usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli yote isipokuwa ya macho na ya pumzi, ili usitende unayoyaota. Wakati mwingine akili huamka kabla mwili haujaachiliwa. Hofu inapanda, pumzi inaonekana nzito, na mabaki ya ndoto yanachanganyika na chumba halisi. Huisha kwa sekunde au dakika chache na halidhuru. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba kurithi kuna sehemu yake, na ukosefu wa usingizi, msongo na kulala chali huongeza. Mwenye kusoma dua zake asome. Moyo uliotulia hulala vizuri zaidi. Asiache tu kulipa deni la usingizi.

Binti yangu ana sikoseli na anakoroma. Kuna uhusiano?

Naomba swali hili lisomwe na kila mzazi wa pwani, kwa sababu sikoseli iko nyingi kwetu. Jeni ya seli mundu ilienea mahali penye malaria kwa kuwa anayeirithi upande mmoja tu hukingwa na malaria kali. Anayeirithi pande zote mbili huugua. Si jeni ya usingizi, lakini inaufikia: watoto hawa hupata zaidi tatizo la njia ya hewa kuziba wakiwa usingizini, mara nyingi kwa tezi za kooni kuvimba, na oksijeni ya damu hushuka usiku. Oksijeni ikishuka, seli nyingi zaidi hujikunja umbo la mundu. Maumivu nayo humwamsha.

Akikoroma karibu kila usiku, akikata pumzi kisha akashtuka, akilala kwa kukaa, au akirudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, mwambie daktari wa kliniki yake waziwazi. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, umwonyeshe. Msisubiri aulize.

Kuna mwanafunzi anayesinzia katikati ya sentensi, na akicheka magoti yanalegea. Wanasema kachezewa.

Ni dalili za narkolepsia, na apelekwe hospitali. Sababu yake ilifunuliwa kwa mbwa. Chuo Kikuu cha Stanford walifuga mbwa aina ya Doberman walioanguka chini kwa furaha wakiona chakula, na mwaka 1999 Emmanuel Mignot na wenzake wakakuta jeni iliyoharibika: ile inayopokea ujumbe wa kemikali iitwayo oreksini, inayotuweka macho. Kwa watu, jeni hiyo kwa kawaida ni nzima. Zinazokufa ni seli zinazotengeneza oreksini, na ushahidi unaelekeza kwenye kinga ya mwili kuzishambulia yenyewe. Wagonjwa wengi wana aina moja ya jeni ya kinga, lakini aina hiyohiyo iko kwa watu wengi wasiougua kamwe. Kurithi jeni ni kurithi uwezekano. Dawa za kupunguza dalili zipo.

Malale nayo ni ya kurithi?

Hapana. Huletwa na kimelea anayeingizwa na mbung'o.

Nimesoma kuna ugonjwa wa kurithi wa kukosa usingizi mpaka kufa. Wiki mbili sijalala vizuri.

Upo, unaletwa na badiliko katika jeni ya prioni, protini iliyomo ubongoni, na Elio Lugaresi na wenzake waliueleza mwaka 1986 kwa ukoo mmoja wa Italia. Ni koo chache mno duniani. Wewe una wiki mbili za mawazo na joto. Funga simu, na zikizidi mwezi mmoja muone daktari.

Nafanya zamu ya usiku bandarini Kilindini. Kuna jeni inayomzoeza mtu?

Watu wa usiku huvumilia zaidi kidogo, lakini hakuna anayekuwa popo. Saa ya mwili hurekebishwa na mwanga kupitia seli maalumu za jicho zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, na ukitoka getini saa moja asubuhi ukakutana na jua la Mombasa, saa yako inaambiwa siku imeanza. Vaa miwani ya giza njiani, funika dirisha kwa kanga nzito mbili, na nyumbani wakupe heshima ya usiku saa za mchana. Wake zetu na watoto wanaoliona hili kuwa kudeka, wapewe ukurasa huu.

Usingizi wa pono ni kweli?

Kweli tupu, na wavuvi walijua kabla ya maabara. Usiku pono hujibana kwenye miamba, na aina kadhaa hujizungushia utando wa ute. Samaki wanaochunguzwa sana kwa jeni za usingizi, hata hivyo, ni samaki wadogo wa maji baridi wenye milia kama pundamilia, na samaki vipofu wa mapango ya Meksiko. Hao wa mapangoni hulala kidogo mno kuliko ndugu zao wa mtoni, na walipozalishwa pamoja, kulala kidogo kulirithiwa.

Nipime jeni zangu?

Kwa ajili ya usingizi, hapana. Hizo dakika 22 hazistahili pesa zako.

Basi kesho asubuhi nimfanyeje kijana wangu?

Anza usiku huu. Saa tatu na nusu punguza taa, simu ilale sebuleni, na kama anakunywa chai ya rangi baada ya maghrib iache. Hapa kwetu jua huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na kumi na mbili na nusu mwaka mzima, wala halihamihami kama Ulaya, kwa hiyo una dawa ya bure: mlaze upande wa dirisha la mashariki, na akiamka atoke uani apate mwanga kabla ya chai. Jumamosi na Jumapili usimwache alale mpaka adhuhuri, maana saa yake itachelewa tena. Mwongeze muda wa saa moja tu, na mchana apumzike dakika ishirini.

Chukua daftari. Kila siku andika saa aliyolala, saa aliyoamka, alikoroma au la, alisinzia darasani au la. Andika na baba yake pia, na wajomba, na nyanya. Baada ya wiki mbili mtaona pamoja kama saa yake imesogea. Kama haikusogea hata kidogo, au anakoroma, au anasinzia hata baada ya kulala vya kutosha, nenda naye kwa daktari na daftari hilo mkononi.